Chambo Laini cha Samaki: Kemia ya Plastiki na ya Makongoro

Mtoto aliyekulia Kisondela, katika Wilaya ya Rungwe, huenda akajua kuvua kabla hajajua kusoma. Mito ya kwetu huteremka kwa kasi kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na chini ya migomba udongo mweusi umejaa nyungunyungu. Mtu akiwa na ndoana moja, kipande cha mshipi na ufito wa mwanzi, hana haja ya kununua chambo. Kwa hiyo nilistaajabu, niliporudi nyumbani likizo moja, kumkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, amejifungia katika jiko la bibi yake akiyeyusha kiatu cha plastiki ndani ya kopo juu ya makaa. Alikuwa ameona picha ya chambo laini cha plastiki, chenye umbo la nyungunyungu na mkia unaotikisika, naye alitaka kutengeneza chake. Alikuwa akikohoa, macho yamekuwa mekundu, na ndani ya kopo kulikuwa na uji wa rangi ya kahawia uliokuwa ukizidi kuwa mweusi.

Sikumgombeza sana. Wazo lake lilikuwa zuri. Njia yake ndiyo iliyokuwa ya hatari, na hatari yenyewe haikuwa moto aliouogopa bibi yake bali hewa ambayo haikuonekana. Makala haya yanaeleza chambo laini ni kitu gani, kwa nini plastiki yake isiyeyushwe jikoni, na namna mwanafunzi anavyoweza kutengeneza chambo cha aina hiyo kwa vitu vipatikanavyo Tukuyu: makongoro ya ng'ombe, glisirini ya duka la dawa, na majani ya chai. Ajabu ni kwamba plastiki ile na supu ya makongoro iliyopoa ni vitu vya ukoo mmoja.

Samaki anadanganywa na nini?

Samaki huwinda kwa macho, kwa kunusa na kuonja, na kwa mlango mmoja wa fahamu ambao sisi hatunao. Ukimtazama ubavuni utaona mstari mwembamba unaotoka karibu na kichwa kwenda mkiani. Chini ya mstari huo umo mfereji wenye seli zilizoota vinywele, na vinywele hivyo hutambua msukosuko mdogo kabisa wa maji. Mdudu anapojinyonganyonga, maji yanayomzunguka husukumwa, na samaki hupata habari zake hata gizani. Ndiyo sababu mkia wa chambo laini hufanywa mwembamba: ukivutwa polepole majini hupepea wenyewe.

Faida nyingine ya ulaini huonekana baada ya samaki kuuma. Chambo cha mti au cha bati hutemwa upesi, kwa kuwa kinywa hutambua mara moja kwamba hicho si chakula. Chambo laini hushikwa kwa muda kidogo zaidi, na muda huo mdogo ndio anaouhitaji mvuvi.

Walakini samaki wote hawadanganyiki kwa njia moja. Mbasa wa Ziwa Nyasa, ambaye hula samaki wadogo kama usipa, hufukuza kitu king'aacho kiendacho mbio. Kambale hutafuta chakula chake usiku kwa masharubu na kwa pua, na kwake rangi si kitu. Perege wengi hula zaidi mimea na vitu vidogo vidogo vya majini, nao hawatajali mkia upepeao.

Tunao mfano mzuri zaidi papa hapa wilayani, katika Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Hili ni ziwa la kreta lenye upana wa takriban mita 700, na watu bado husimulia habari za fedha za Wajerumani zilizotupwa humo wakati wa vita. Mimi navutiwa zaidi na samaki wake. Mwaka 2015 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti juu ya samaki mdogo wa ziwa hilo aitwaye kitaalamu Astatotilapia calliptera. Watafiti walikuta kwamba samaki hao wamekwisha kuanza kugawanyika makundi mawili: madume ya kundi moja ni ya manjano, nayo hukaa karibu na ukingo, madume ya kundi la pili ni ya buluu, nayo hukaa kwenye kina kirefu chenye mwanga hafifu. Mgawanyiko huo unakadiriwa kuwa ulianza miaka 500 hadi 1,000 tu iliyopita. Miongoni mwa sehemu za urithi zinazotofautiana kati ya makundi hayo imo ile inayohusu rodopsini, yaani kemikali ya jicho inayopokea mwanga. Hivyo basi, ndani ya ziwa moja ambalo mtu hulizunguka kwa mguu bila kuchoka, rangi ya chambo inayoonekana vema kwa samaki wa ukingoni si lazima iwe na maana yo yote kwa nduguye wa kilindini.

Plastiki iliyolainishwa

Plastiki ya vyambo laini vinavyouzwa madukani kwa kawaida ni polivinili kloridi, ambayo mafundi bomba huijua kwa herufi zake PVC. Mwaka 1872 mwanakemia Mjerumani Eugen Baumann aliona ungaunga mweupe umejitokeza ndani ya chupa yenye hewa ya vinili kloridi iliyokuwa imepigwa na jua. Molekuli ndogo za hewa hiyo zilikuwa zimeshikana kuwa minyororo mirefu. Kwa muda mrefu ungaunga huo ulionekana hauna faida kubwa: ulikuwa mgumu, na ukipashwa moto uliharibika kabla ya kuyeyuka vizuri.

Aliyeufanya uwe laini ni Waldo Semon, mwaka 1926, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mipira ya B. F. Goodrich katika mji wa Akron, Jimbo la Ohio, Marekani. Yeye alikuwa akitafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Gundi hakuipata, lakini alipoipasha moto PVC ndani ya kimiminika chenye kiwango kikubwa cha mchemko, kisha akakiacha kipoe, alipata kitu laini chenye kunyumbulika kama mpira. Kimiminika cha namna hiyo tutakiita kilainishi. Molekuli zake huingia katikati ya minyororo ya PVC na kuitenganisha, hata iweze kuteleza mmoja juu ya mwingine. Katika mahali pachache tu minyororo hubaki imeshikana na kufanya vifundo vidogo vigumu. Vifundo hivyo ndivyo vinavyozuia kitu chote kisitiririke. Katika chambo laini sana kilainishi huizidi PVC yenyewe kwa uzito, yaani mvuvi anarusha majini kimiminika kilichofungwa ndani ya wavu wa minyororo.

Katika mji huo huo wa Akron, mwaka 1949, fundi mitambo mmoja aitwaye Nick Creme pamoja na mkewe walitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini katika jiko la nyumba yao, na kutoka jiko hilo ikazaliwa biashara kubwa. Mpwa wangu alipoisikia habari hii aliniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini yeye akatazwe yale ambayo Creme aliruhusiwa. Nilimjibu kwa hesabu.

Ndani ya kopo

Kipande kimoja cha mnyororo wa PVC kina kaboni mbili, haidrojeni tatu na klorini moja, na uzito wake ni 24 + 3 + 35.5, yaani 62.5. Joto likizidi, klorini huachana na mnyororo ikiondoka na haidrojeni moja ya jirani, na hizo mbili huwa haidrojeni kloridi, hewa ambayo ikikutana na unyevu wa macho, pua na mapafu huwa asidi ya haidrokloriki. Kila molekuli ya hewa hiyo inapotoka, huacha nyuma kifungo maradufu katika mnyororo. Vifungo hivyo vikifuatana vingi, plastiki hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Tena hewa yenyewe huharakisha uharibifu unaoendelea. Kwa hiyo ile rangi ya kahawia niliyoiona ilikuwa kipimo cha asidi iliyokwisha kutoka.

Ni kiasi gani? Tuchukue gramu 10 za PVC halisi. Hizo ni moli 0.16, nazo zikiharibika zote zitatoa moli 0.16 za haidrojeni kloridi, ambazo kwa joto la kawaida ni kama lita 3.8. Jiko lenye urefu na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 lina lita 22,500 za hewa. Gawanya, utapata kiasi cha sehemu 170 katika kila sehemu milioni. Sheria za kazi za Marekani haziruhusu mfanyakazi wa kiwandani akutane na zaidi ya sehemu 5 kwa milioni. Hata kama ni sehemu moja tu ya kumi ya plastiki iliyoharibika, bado kikomo hicho kimepitwa zaidi ya mara tatu, na mlango wa jiko ulikuwa umefungwa.

Watengenezaji wenye ujuzi hupasha mchanganyiko wao, ambao umetiwa dawa ya kuzuia uharibifu, hadi nyuzi 170 au 180 za Sentigredi wakiwa na kipimajoto na feni ya kutoa hewa. Makaa ya mawe au ya miti hayajui kikomo. Joto lake ni la nyuzi mia kadhaa. Kadhalika tone moja la maji likidondokea katika plastiki yenye joto hilo hugeuka mvuke ghafla, mvuke huo hutaka nafasi mara elfu moja na zaidi, na plastiki hurukia uso wa aliye karibu. Plastiki moto haifutiki kwenye ngozi kama maji. Hunata na kuendelea kuunguza.

Tena liko suala la vilainishi vyenyewe. Vingi vilivyotumika zamani ni vya jamii ya fthalati, na baadhi yake vimeonekana kuingilia kazi ya homoni mwilini. Nchi za Ulaya zilianza kuvizuia katika vitu vya kuchezea watoto mwaka 1999, na Marekani ikafuata mwaka 2008. Kiatu kikuukuu hakina karatasi ya kueleza kilitiwa nini.

Mwalimu wa kemia anaweza kuwaonyesha wanafunzi ni plastiki ipi yenye klorini. Chukua waya wa shaba, upashe katika ndimi za moto mpaka usitoe rangi tena, ugusishe kwenye plastiki, kisha uurudishe motoni: rangi ya kijani ni dalili ya klorini. Kipande kidogo kama punje ya mchele kinatosha, na jaribio lifanywe nje au mahali penye hewa nyingi. Kipimo kingine kisichohitaji moto ni maji: politheni huelea, PVC huzama. Lakini plastiki iliyotiwa mapovu huelea hata kama ni PVC, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kisitegemewe.

Makongoro

Sasa tuje kwenye njia iliyo salama. Kila aliyekunywa supu ya makongoro Tukuyu wakati wa baridi anajua kwamba ikiachwa usiku kucha hukutwa asubuhi imeganda na kutetemeka sufuriani. Ngozi na kano za miguu ya ng'ombe zina protini iitwayo kolajeni, ambayo ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba. Ukichemsha kwa saa nyingi kamba hizo hufumuka, na minyororo huelea majini mmoja mmoja. Hiyo ndiyo jelatini. Supu ikipoa, minyororo hujaribu kujisokota upya, lakini huweza mahali hapa na pale tu. Sehemu hizo chache zilizosokotana huwa vifundo, na maji yote hunaswa katikati. Linganisha na plastiki ya Semon: minyororo mirefu, vifundo vichache, na kimiminika kilichofungwa ndani. Tofauti kubwa ni kwamba vifundo vya jelatini hufunguka kwa nyuzi 35 hivi, na vya PVC huhitaji zaidi ya 150.

Kasoro ya makongoro matupu ni kwamba maji yake hukauka, na chambo huwa kigumu kama ukucha. Hapo ndipo glisirini inapohitajika. Molekuli yake ina vikundi vitatu vipendavyo maji, huyashika yasiondoke, na yenyewe haikauki upesi. Kwa maneno mengine, glisirini ni kilainishi cha jelatini, na viwanda vya dawa hutumia ujuzi huo huo kutengeneza vidonge laini vya mafuta ya samaki.

Kwa jaribio la kwanza nashauri kutumia unga wa jelatini wa dukani usio na ladha, kwa sababu nguvu yake haibadiliki sana. Loweka gramu 20 katika mililita 40 za maji baridi kwa robo saa, mpaka unga wote uvimbe. Ongeza mililita 40 za glisirini. Weka chombo hicho ndani ya sufuria kubwa yenye maji, uipashe mpaka mvuke ufuke lakini mapovu yasianze kupanda, ukikoroga polepole ili usiingize hewa. Kwa njia hii mchanganyiko hauwezi kupata joto kuliko maji yanayouzunguka, ambayo katika milima yetu huchemka kwa karibu nyuzi 95. Maji yenyewe ndiyo mlinzi wako. Hata hivyo usiyachemshe kwa muda mrefu, kwani minyororo ya jelatini hukatika na chambo hulegea. Anayetaka kutumia makongoro halisi ayachemshe kwa moto mdogo kutwa nzima, aondoe mafuta, achuje kwa kitambaa safi, kisha apunguze supu mpaka tone lililopozwa kwenye sahani lidunde likiguswa.

Kalibu ni ya udongo wa mfinyanzi. Sisi tunaokaa karibu na Wakisi, ambao vyungu vyao husafirishwa mbali kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa, hatuna udhuru wa kukosa udongo mzuri. Chonga umbo la nyungunyungu au samaki mdogo kwa mti laini, mkia uwe mwembamba kama ganda la kitunguu, likandamize katika udongo, uliondoe, uache udongo ukauke kivulini, kisha upake mafuta ya kula. Mimina, na usubiri saa mbili mahali penye ubaridi. Ukitaka harufu, changanya kijiko cha unga wa dagaa kabla ya kumimina. Hapa makongoro yanaishinda plastiki: vitu vya ladha na harufu viyeyukavyo majini hupenya katika jeli ya maji na kutoka polepole, ilhali katika PVC yenye kilainishi cha mafuta haviwezi kusafiri vizuri. Kwa kambale jambo hili ni kubwa.

Chambo hiki kikikaa majini hufyonza maji, huvimba na kudhoofika. Nilimwambia mpwa wangu kwamba dawa yake iko mashambani kote Rungwe. Chai ina tanini, na tanini hufungamana na kolajeni na jelatini. Kwa kazi hiyo hiyo magome ya miwati ya Njombe hutumika kutengeneza ngozi za viatu. Tulichemsha vijiko vinne vya majani makavu katika kikombe kimoja cha maji, tukaacha chai ipoe kabisa, kisha tukavitosa vyambo kwa saa tatu. Vilitoka na rangi ya kahawia, karibu sana na ile ya nyungunyungu mwenyewe. Tulipokiweka kimoja katika maji ya nyuzi 40 pamoja na kimoja kisichotiwa chai, kisichotiwa kiliyeyuka chote. Kile cha chai kilipoteza moyo wake na kuacha ngozi nyembamba kama soksi. Wanafunzi wanaweza kurudia jaribio hili kwa nguvu mbalimbali za chai na kupima muda. Wajaribu pia chai ya maziwa, halafu waeleze kwa nini haifanyi kazi.

Vyambo hivi visiwekwe katika mfuko wa shati, maana joto la mwili linatosha kuviyeyusha. Wala visiachwe wazi: vile vya kwanza kabisa tulivyotengeneza viliibwa na mbwa wa jirani, jambo ambalo kwa upande mmoja lilithibitisha harufu yake.

Kilichopotea majini

Mshipi hukatika, na chambo hubaki mtoni. Cha jelatini huliwa na bakteria na kwisha, ingawa ndoana hubaki. Cha plastiki hukaa miaka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika Jimbo la Maine, Marekani, samaki wa jamii ya trauti walipowekewa vyambo laini vya plastiki walivila kwa hiari yao, na waliovila walipungua uzito. Anayetumia cha plastiki kilichonunuliwa hana budi kurudi nacho nyumbani kikichakaa, wala asikitupe motoni.

Kabla ya kwenda ziwani au mtoni, mwalimu amwone Ofisa Uvuvi wa wilaya kuhusu leseni na sehemu zinazoruhusiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mbasa apandaye mtoni kutaga mayai aachwe apite, hata kama chambo chako kinamvutia.

Mpwa wangu sasa ana daftari lenye safu nne: aina ya chambo, mahali, muda aliovua, na idadi ya samaki. Chambo cha makongoro na chai kimekwisha kuvishinda vyote alivyotengeneza. Bado hakijamshinda nyungunyungu wa chini ya mgomba.